Pumziko Lako Lipo, Mita Nne

Trrr, trrr, trrr. Gizani, juu ya kopo la biskuti lililokuwa kando ya kitanda, saa ilikuwa inatetemeka. Mpiga pasi aliidaka kabla haijaamsha nyumba nzima, akaivaa na kukaza mkanda kama alivyofundishwa: juu kidogo ya kifundo cha mkono, usibane, usilegee. Kisha akalala chali, tuli kama shuka kabatini.

Saa ilikuwa ya kuazima. Alipewa na Kocha, mwanamke mwenye filimbi shingoni na sauti isiyohitaji filimbi, aliyekuwa anaanzisha kikundi cha akina mama wa kukimbia Jumamosi asubuhi, kwenye uwanja nyuma ya shule. Sharti lilikuwa moja tu.

"Saa lazima kwanza iujue moyo wako ukiwa umepumzika," Kocha alisema. "Isipojua unapoanzia, itajuaje umechoka kiasi gani? Utakimbia mpaka uanguke, halafu mumeo anijie juu. Ukiamka, kabla hujashusha mguu, lala kimya. Ikimaliza kupima itawaka kijani. Bila kijani, dada yangu, utakaa pembeni utushikie maji."

Mpiga pasi hakutaka kushika maji. Kutwa alisimama katika chumba cha kufulia cha hoteli, akinyoosha mashuka ya watu wanaolala, na tangu ajifungue hakuwa amekimbia hata kuwahi mvua. Shuleni alikuwa mwepesi mpaka wakamwita Risasi. Alitaka kujua kama Risasi bado yumo.

Mistari ya mapigo ilianza kupanda na kushuka kwenye kioo.

"Mama Chiriku," mumewe aliita gizani, "soksi zangu nyeusi umeziweka wapi?"

Mistari ikaruka. Mama mkwe akauliza kutoka upande wa pili wa ukuta kama maji yameshabandikwa. Chiriku mwenyewe, mtoto wa miaka mitano asiyejua kunong'ona, akatangaza kwamba amemaliza kulala. Saa ikaandika: PUMZIKO HALIJAPATIKANA.

Kesho yake alijaribu kazini, amekaa juu ya kapu la taulo. HALIJAPATIKANA. Akajaribu chooni, mlango ameutia komeo; akagongewa. Akajaribu sebuleni, kwenye kiti alichokinunua mwenyewe na ambacho hakuwa amekikalia bado. Mama mkwe akaingia na bakuli la njegere. "Afadhali nimekukuta umekaa, mwanangu," alisema. "Shika hili."

Ijumaa jioni, akiwa anapiga deki jikoni, saa ilibadilisha maandishi. PUMZIKO LAKO LIPO. MITA NNE. Chini yake kulikuwa na mshale, kama ule inaoutoa inapomwelekeza mtu njia. Mpiga pasi alifuta mikono, akaufuata. Mshale ukamvusha ndoo, ukampitisha mezani, ukamgeuza kushoto. Mita mbili. Mita moja. Saa ikatetemeka mbele ya kochi.

Mumewe, karani wa bohari, mtu mpole asiyewahi kumpandishia mtu sauti, alikuwa amejinyoosha humo. Pumziko lake la kahawia lilikuwa limemlalia tumboni kama kawaida. Juu ya hilo kulikuwa na jingine, la buluu iliyopauka, ukubwa wa mtoto wa miaka miwili, linapumua taratibu. Lilinukia wanga wa kupigia pasi. Alilitambua kama mtu anavyolitambua koti lake mwilini mwa mwingine.

"Baba Chiriku, hilo la juu ni langu."

Mumewe alifungua jicho moja. "Lako? Nililikuta limekaa tu, tangu tulipooana. Nikajua hulitumii."

"Nimelitafuta wiki nzima."

"Si ungeuliza, mke wangu."

Mama mkwe alikuwa anamenya njegere, wala hakuinua uso. "Langu alikuwa nalo baba yake huyu," alisema. "Tulimzika nalo. Nilitaka kulitoa, ila jeneza lilishapigwa misumari na wageni walikuwa wanawahi magari."

"Niazime kidogo," mpiga pasi akamwambia mumewe. "Kocha anataka lipimwe."

"Chukua, chukua. Ila usije ukalikunja vibaya."

Lilikuwa zito kuliko alivyodhani, tena vuguvugu. Alitandika mkeka kati ya meza na ukuta, akalala, akajifunika nalo mpaka kidevuni. Chiriku akaketi kichwani pake kama askari wa benki. Mpiga pasi akaiona dari. Alikuwa ameishi chini ya dari ile miaka yote bila kujua kwamba ina doa lenye umbo la mbuni. Bega moja likashuka, halafu la pili, na mahali fulani nyuma ya shingo kitu kilichokuwa kimekazwa siku nyingi kikaachia chenyewe.

Kwenye kochi, karani wa bohari alibaki na pumziko lake peke yake. Akageuka, akasikia baridi ubavuni, akasikia kiu. Mwishowe akainuka. Sauti yake ilitokea jikoni, sauti ya mtu aliyeshushwa kituo kisicho chake.

"Jamani, humu ndani vikombe vinakaa wapi?"

Saa ikawaka kijani.

Jumamosi aliliacha limekunjwa juu ya kiti, maana hakuna anayekimbia na pumziko mgongoni. Uwanjani akina mama walikuwa wananyoosha miguu na kuulizana habari.

"Lako lilikuwa wapi, shoga?"

"Kwa kaka yangu. Na hata haishi kwangu!"

"Langu kwa bosi, ndani ya droo. Eti alidhani ni mto wa kiti."

"Langu wamegawana wanangu wanne. Nimeshona vipande usiku, ndiyo saa ikakubali."

Walicheka mpaka mmoja akaketi chini. Mpiga pasi akamuuliza Kocha kama kuna namna ya kuyarudisha moja kwa moja.

"Mmeyapata, mmeyapima, inatosha," Kocha alisema, akipapasa filimbi yake. "Saa kazi yake kuonyesha, si kudai. Haya, mstarini!"

Wakakimbia. Saa ya mpiga pasi ilitoka kijani ikaingia njano, na Kocha akapiga kelele kutoka ng'ambo, "Hapohapo! Kaa hapohapo njano, dada!" Alikaa. Vumbi lilikuwa chini, upepo ulikuwa mdomoni, moyo ulidunda kwa raha zake na saa ikauhesabu bila kulalamika. Mzunguko wa mwisho aliugusa wekundu makusudi, akampita mwalimu wa hesabu mwenye miguu mirefu, akampita na muuza dawa. Risasi alikuwamo.

Alirudi nyumbani shati limemganda mgongoni na meno yote nje. Kiti kilikuwa kitupu. Karani wa bohari alikuwa kwenye kochi, la kahawia chini, la buluu juu, amelikunjua vizuri bila kulitia hata kunyanzi moja.

"Umekimbia vizuri? Hongera sana, mke wangu," alisema kwa moyo wote. "Chai vipi, itachelewa?"

"Inakuja," mpiga pasi alisema. Alivua raba, akanawa mikono, akawasha jiko huku bado anatabasamu.

Chiriku alisogea mpaka kwenye kochi, akasimama, akamtazama baba yake.

"Baba, hilo ni la Mama."