Safari Isiyo na Mwenyeji

Maman Alphonsine alipotangaza kwamba anakwenda Ayalandi kutembea kando ya bahari, kila aliyesikia alimuuliza swali lile lile: "Kule unaenda kwa nani?"

Kwa nani! Maana kwa watu wa Lubumbashi wanaoishi Bruxelles, safari ni watu. Unakwenda Paris kwa sababu mtoto wa dada anaolewa. Unakwenda Liège kwa sababu kuna matanga. Unapokewa stesheni, unalishwa mpaka unashindwa kuinuka, unapewa kitanda cha watoto na wenyewe wanalala chini. Sasa mama huyu, mjane, mstaafu, mwenye goti linalolia kama mlango usiotiwa mafuta, anasema anakwenda kwa mawe na upepo. Watu walitazamana. Wengine walianza kumwombea.

Hakuwa na wazimu, jamani. Kwa miaka mingi alimhudumia bibi mmoja wa Kiayalandi kule Woluwe, bibi asiyeweza tena kutoka kitandani. Ukutani palikuwa na picha kubwa ya pwani ya kwao: magenge meusi, majani yaliyolazwa na upepo, bahari inayotoa povu, na kijia chembamba kilichopita juu ya genge mpaka kikapotelea nyuma ya kilima. Hapakuwa na nyumba wala mtu. Alphonsine akimwosha bibi, akimgeuza, akimtandikia shuka safi, macho yake yalikuwa kwenye kijia kile. Siku moja uvumilivu ulimwisha, akauliza nyuma ya kilima kuna nini.

Bibi alicheka. "Kilima kingine. Na upepo. Na hakuna atakayekuita."

Ee Mungu wangu, neno hilo lilimwingia! Yeye aliyeitwa maisha yake yote: maman huku, maman kule, kengele ya bibi, simu ya binti yake Sephora anayetaka mtoto wake aangaliwe, simu za Lubumbashi ambako kila wiki kuna mgonjwa. Aliwapenda wote, asisingiziwe. Lakini kabla goti halijagoma kabisa, alitaka siku chache tu za kutembea mahali ambapo hakuna anayemhitaji. Basi bibi alipofariki na yeye akastaafu, alinunua tiketi, akanunua na buti za kupandia milima, akaziweka sebuleni kwake Laeken apate kuziangalia.

Kaka yake mkubwa, Papa Kalenga, aliziona. Kalenga alifanya kazi kwenye kiwanda cha magari kule Forest mpaka kilipofungwa, na tangu hapo alikuwa na muda mwingi wa kushughulikia mambo ya wenzake. Haukupita muda akapiga simu, sauti imejaa ushindi.

"Mudogo wangu, usiogope tena. Nimekupatia muntu!"

Alikuwa amempata Tatiana, binti wa watu wa Likasi, anayeishi Galway na mumewe. Watampokea uwanja wa ndege, atalala kwao, atakula kwao, na Jumapili atawapa mamans wa kanisa neno la faraja. "Donc mambo yote imeisha," alisema Kalenga, na Alphonsine, kwa heshima, akamshukuru. Alipokata simu alihisi kama mtu aliyeporwa kitu mchana kweupe na mwenye kupora ni mtu anayempenda.

Na ikishajulikana kuna mwenyeji, mizigo haikosi. Hiyo ndiyo desturi: anayesafiri ni posta ya wote. Zikaja chikwangue za huyu, ile mikate ya muhogo iliyofungwa majanini, vitenge vya yule, mafuta ya mawese, nywele za kusukia, na makayabu, samaki wakavu wa chumvi, waliofungwa nailoni juu ya nailoni na bado walijitangaza mpaka kwenye ngazi. Angekataaje? Kesho naye atakuwa na mzigo wa kupeleka. Alasiri ya kuamkia safari alilikalia sanduku lake mpaka likafunga. Buti zilibaki nje, zimesimama kwenye vigae vya jikoni. Alizitazama, akalia kwa uchungu.

Halafu akapangusa machozi, akampigia Tatiana.

"Mwanangu, niko na haya kukuambia. Mi sikutaka kuja kwa muntu. Nilitaka tu kuona ile bahari."

Upande wa pili sauti ilishuka, kama ya mtu anayejificha chooni. "Maman, tuko hapa miaka mingi, na ile bahari sijaionaka hata siku moya. Ni kazi, kanisa, bageni. Sikiya: nitakuja aéroport, nitabeba makayabu, halafu nitakupeleka ku bus. Kwangu usiingie. Ukiingia, hautatoka!"

Walicheka wote wawili mpaka Alphonsine akashika mbavu.

Asubuhi Kalenga alikuja na gari kumpeleka uwanja wa ndege. Alphonsine alimwita kaka mkubwa kwa neno la kwao, wala hakuzunguka. "Yaya, sitalala kwa Tatiana. Nitamupa mizigo, halafu nitaendelea peke yangu."

"Peke yako? We umekuwa muzungu?"

"Hapana. Mi ni mudogo wako, na nimechoka kuitwa ku simu kila saa."

Kalenga alivuta kiti, akaketi. Kahawa aliyowekewa hakuigusa. Alipozungumza, aliiambia meza.

"Tangu kiwanda ilifungwa, hakuna muntu ananiita. Asubuhi naangalia simu, imenyamaza. Ni we tu njo unaniitaka. Sasa unaenda fasi yenye haina muntu. Ukianguka ku yale mawe, nani ataniambia?"

Alphonsine hakuwa amelijua hilo. Alidhani kaka yake ni king'ang'anizi tu. Akamshika mkono.

"Kila jioni nitakuita, yaya."

"Si umesema hautaki simu?"

"Nimesema sitaki kuitwa. Kuita, nitaita mimi."

Kalenga aliinuka, akaenda garini. Alirudi na koti lake la kazi la kiwandani, la rangi ya machungwa, lenye mistari inayong'aa. "Vaa hii. Hata ku brouillard, ku ukungu, watakuona." Lilimfika magotini, na lilinuka grisi. Alilivaa hivyo hivyo mpaka kwenye ndege, sanduku la watu mkononi na buti zake miguuni.

Siku ya pili jioni, Tatiana akiwa amekwisha kupokea mizigo na kumpandisha basi, juu ya genge upepo ulikuwa ukilipeperusha koti mpaka likapiga kelele. Alphonsine alikuwa amekifuata kijia tangu asubuhi, polepole, akipumzisha goti kwenye mawe, na hakuna aliyemwita maman. Alipofika nyuma ya kilima alisimama akatazama, akacheka peke yake. Akatoa simu. Kalenga alipokea hata kabla haijalia vizuri.

"Uko muzima?"

"Niko muzima, yaya. Nimefika nyuma ya kilima."

"Alors? Kuko nini?"

"Kilima ingine."

Alphonsine aliielekeza simu baharini, Kalenga akasikiliza.

"Bon," alisema hatimaye. "Panda na ile. Ukifika, uniite."