Matembezi ya Baba Justa

Mageni alipofariki, mwezi wa tatu mwaka 1971, mumewe Gelasius alibaki na nyumba ya vyumba viwili, kazi ya kuendesha pampu ya maji ya mji, na shida ambayo hakuwahi kuifikiria: hakujua kusalimia watu.

Si kwamba alikuwa na kiburi. Kwa miaka kumi na sita, kila Jumapili jioni, yeye na mkewe walitembea kwenye njia ya ufukweni pale Nyabusenge, upande wa ziwa wa Geita. Njia ile waliichonga wazungu wa mgodi waliokuwa wakija kupunga upepo. Mgodi ulipofungwa wakaondoka, njia ikabaki kwa wenyeji. Ilianzia gatini, ikapita mwaloni kwa wavuvi, penye chanja za kuanikia dagaa, ikaishia kwenye mawe makubwa. Ikipita saa kumi, mji mzima ulikuwa pale: makarani na wake zao, wenye maduka, wasichana waliovaa viatu vya kanisani. Hakuna aliyekuwa akienda popote. Walifika kwenye mawe, wakageuka.

Mageni, Msukuma wa Didia, alimjua kila mtu. "Mwadela!" aliita salamu ya Kisukuma kutoka mbali, na kabla hajaitikiwa alikwisha kuuliza habari za mtoto anayeumwa, za mahindi na za mama mkwe. Gelasius, Msumbwa wa Ushirombo, alitembea kando yake mikono nyuma, akitabasamu. Mkewe alisalimia kwa niaba ya wote wawili.

Baada ya msiba alikaa miezi mitatu bila kukanyaga ufukweni. Binti yao wa pekee, Justa, aliyeolewa Bukombe, alimwandikia barua ahamie kwake. Hakukubali. Jumapili moja mwezi wa sita akavaa shati safi, akaenda.

Kila alipokaribia kundi la watu, mazungumzo yalikatika. Vijana walishuka kwenye nyasi kumpisha. Mama mmoja alimfinya mwanawe aliyekuwa akicheka. "Pole, baba," walisema kwa sauti ya chini, wakapita, na akishawapita hatua kumi alisikia kicheko kikianza tena nyuma yake.

Jumapili iliyofuata mambo yalikuwa yale yale. Akaamua kujifunza. Ndani ya nyumba ya pampu, mashine ikinguruma, alijaribu kwa sauti: "Habari za jioni! Watoto hawajambo?" Alipomkuta ufukweni Bartholomeo, karani wa posta aliyemfahamu miaka mingi, alimwambia maneno yale yale. Bartholomeo alivua kofia, akamshika mkono kwa mikono miwili.

"Ndugu yangu, Mungu atakutia nguvu," akasema, na akaondoka haraka.

Gelasius alisimama pale akitazama ziwa. Hapo ndipo alipomwona Mama Harish akija.

Jina lake hasa Jasumati, mjane wa Velji mwenye duka la vitambaa, naye alikuwa akitembea peke yake kwa sari nyeupe ya ujane, mwaka wa saba sasa. Watu walimpisha. Gelasius alikumbuka jinsi Mageni alivyokuwa akimvuta mkono wa shati, "Masikini, tumpishe," na kukatiza alichokuwa akisimulia mpaka yule mama apite. Miaka yote ile Gelasius hakuona ubaya wowote.

"Shikamoo, Mama Harish."

Mama alisimama. "Marahaba. Wewe si ndiye wa pampu?"

"Ndimi."

"Basi niambie, juzi maji yalikwenda wapi? Nililoweka nguo tangu asubuhi, bomba likawa linakohoa tu!"

Miezi mitatu hakuna aliyemkaripia. Gelasius alihisi kifua kikimfunguka.

"Mkanda ulikatika, mama. Nimeuunga kwa kipande cha tairi."

"Kitafika Jumatano bila kukatika?"

"Kikifika Jumatatu tushukuru."

Mama Harish akacheka, wakaenda pamoja mpaka kwenye mawe.

Tangu siku hiyo walitembea pamoja kila Jumapili. Siku moja mama akasema, "Hapa watu wananipisha kama gari la wagonjwa."

"Hata sisi tulikupisha, mama."

"Najua. Mkeo alikuwa mzungumzaji mzuri. Lakini akiniona anashusha sauti. Mimi napata mwanzo wa habari tu, mwisho siupati." Akatembea kidogo. "Yule karani aliyetumbukia ziwani na suti ya harusi, iliishaje?"

Gelasius alilazimika kufikiri. "Alitolewa na wavuvi," akasema polepole. "Akaoa na kaptula ya kuazima. Mwanzoni padri hakutaka kuingia kanisani."

"Na yule mama mkwe aliyekataa ugali?"

Kwa hiyo Gelasius, ambaye hakuwahi kusimulia chochote maishani mwake, akawa anamaliza habari za Mageni, moja kila Jumapili. Nyingine alizisahau, akasema amesahau. Usiku alilala akizikumbuka, na mara kadhaa alilia, lakini asubuhi alikuwa na kitu cha kusema.

Mji ukaanza kunong'ona. Bartholomeo alimfuata hadi kwenye pampu. "Watu wanasema unatembea na mama yake Harish."

"Ni kweli, tunatembea."

Bartholomeo akavaa kofia yake, akarudi posta.

Mwaka uliofuata, kiangazi, Harish, mwana wa yule mama, aliuza duka. Walikuwa wakihamia Mwanza, na kutoka pale kwa ndugu zao ng'ambo. Jumapili ya mwisho mama hakuuliza habari yoyote. Walipofika kwenye mawe alimwambia, "Huko mwanangu anasema kuna baridi, na watu hawatoki nje." Siku ya Jumanne meli yao iliondoka asubuhi na mapema, na yeye alikuwa kwenye pampu, kwa kuwa mkanda ulikuwa umekatika tena.

Aliendelea kutembea peke yake miaka minne zaidi, watu wakimpisha. Ilipoletwa pampu mpya na fundi wake, alifunga mizigo akaenda Bukombe kwa Justa.

Bukombe hakuna ziwa. Jumapili ya kwanza, saa kumi, alivaa shati safi akatoka.

"Unakwenda wapi, baba?" Justa akauliza.

"Natembea."

"Unatembea kwenda wapi?"

Akashika barabara ya mashambani. Jirani aliyekuwa akipalilia karanga, mama mmoja aitwaye Salvina, alinyoosha mgongo akamtazama mgeni asiye na jembe wala mzigo.

"Shikamoo, baba. Umepotelewa na ng'ombe?"

Gelasius aliona haya kusema hana aendako. "Marahaba. Ndiyo. Ndama."

"Wa rangi gani?"

"Mwekundu."

Salvina akaegemeza jembe kwenye mti, akafunga kanga kiunoni. "Peke yako hutampata. Twende."

Wakaenda. Walipita mashamba ya mihogo, wakavuka kijito kilichokauka. Salvina alikuwa akiita ndama, akiuliza kila waliyemkuta, akisimulia katikati habari za mumewe mlevi na bei ya pamba. Gelasius alitembea kando yake, mikono nyuma. Jua lilipokaribia kuzama alisimama.

"Mama," alisema, "hakuna ndama."

Salvina alifungua kanga kiunoni.

"Basi turudi," akasema. "Karanga zangu zinaningoja."

Na njia nzima ya kurudi Salvina hakusema neno, lakini hakumpisha wala hakumwacha nyuma.