Nishikie Mtoto Kidogo

Mkisafiri na mtoto, wenzangu, usingizi wenu uwe wa jicho moja. Mtazameni Somoe, mwanamke wa Kilwa, ameketi ukingoni mwa kitanda cha gesti huko Kariakoo, mtaa wa Narung'ombe, adhuhuri ya jua kali, na anasema moyoni nanyoosha mgongo tu, silali. Amemleta bintiye Hadia kliniki ya macho, kesho asubuhi ndiyo zamu yao. Tangu watoke Kilwa mtoto amelala mapajani pake ndani ya basi na yeye hajafumba jicho, na usiku wa kabla hakulala kwa kufunga mizigo, na usiku wa kabla ya huo hakulala kwa mawazo. Chumba chenyewe ni kitanda, neti yenye matundu, feni inayozunguka kwa kusitasita, kipande cha sabuni, ndoo, na kandambili mbili zote za mguu wa kushoto. Bafu liko nje, mwisho wa ukumbi, la wote. Hadia amezivaa zile kandambili anaziburuta sakafuni, pata, pata, pata, na Somoe anasikiliza, na jicho moja linafumba, na la pili linasema ngoja nimsindikize mwenzangu. Hapo ndipo usingizi unapomchukua, na yeye hajui, anajiona ameinuka, amejifunga kanga, ameshika ndoo, amefungua mlango.

Ukumbini amesimama jirani wa chumba cha pili, mwanamke mnene mwenye sauti ya mtu wa kwao kabisa. Habari za safari, dada? Nzuri. Mbona umechoka hivyo? Wacha tu dada yangu, hata maji sijajimwagia. Nenda basi, mtoto mlete huku. Na Somoe, kwa kuwa kwao ndivyo wanavyoishi, unamwambia jirani nishikie mtoto kidogo na unakwenda kisimani, unakwenda msibani, unarudi unamkuta ameogeshwa, amelishwa, na hataki kuondoka, basi Somoe anamnyanyua Hadia anamkabidhi. Haulizi jina. Ameshampa mgongo ndipo anajiuliza yule mwanamke uso wake ukoje, maana hakuuona, palipotakiwa kuwa na uso palikuwa laini kama mgongo wa kijiko.

Anakwenda bafuni na ukumbi unakwenda naye. Kila akidhani amefika mwisho kuna kona, na kila kona ina milango mingine, na nje ya kila mlango kuna kandambili za kushoto, na ndoo inazidi kuwa nzito na tone la maji haina. Basi nitanuka hivi hivi, anasema, narudi, na akigeuka nyuma hakuna ukumbi tena, kuna barabara, Kariakoo yenyewe, vitambaa, masufuria, mafungu ya dagaa, mikokoteni, vipaza sauti, watu tele wanapishana, ila mwenye uso hayupo. Gesti iko upande huu wa barabara, na gesti ileile iko upande wa pili inaitazama, maandishi yake ya ukutani yamegeuka kama ya kwenye kioo. Katikati ya njia, juu ya kigoda, ameketi yule mzee wa kaunta aliyempa ufunguo, naye uso hana. Shikamoo baba, chumba changu kiko wapi? Marahaba. Chumba hakijatembea mwanangu, aliyetembea ni wewe. Nimemwachia mtoto jirani wa chumba cha pili. Jirani yupi? Hapa kila chumba ni cha pili, inategemea umeanzia wapi. Baba usinitegee vitendawili, nimechoka. Hata mimi nimechoka, umeniuliza hayo hayo tangu asubuhi. Mimi? Lini? Ulipopita na ndoo, na ukapita tena na ndoo, na yule pale si wewe? Ningekuwa kwetu ningekujibu, Somoe anamwambia, nakustahi mvi tu. Mzee anacheka, sijui anachekea wapi, mdomo wenyewe hana. Somoe anainua macho kwenye gesti ya ng'ambo, na madirishani wamejaa akina Somoe, kanga ileile, ndoo ileile, kila mmoja anaita Hadia, Hadia we, na sauti zao zote zimekauka.

Anavuka. Anavuka na barabara inapanuka, Narung'ombe inakuwa Sikukuu, Sikukuu inakuwa Mchikichi, Mchikichi inarudi kuwa Narung'ombe, na miguu aliyonayo kama ya kuazima, mpaka anafika penye meza ndefu kama zile za mitumba, na muuzaji amesimama juu yake anapiga makofi, chagua mama, chagua, mzigo mpya huo, chagua! Mezani nguo hamna. Wameketi watoto, safu kwa safu, na hao nyuso wanazo, uso mmoja, wa Hadia, gauni la njano, jicho la kulia jekundu linatoka machozi. Nyuma ya meza yule jirani mnene anawapangusa kamasi. Dada! Mtoto wangu yuko wapi? Si hawa hapa, nimekushikia. Nilikuachia mmoja! Ulisema kidogo, dada yangu, kidogo yako ndiyo hii? Somoe anatafuta kovu la kuungua na uji gotini, wote wanalo. Anaimba ule wimbo wa kumlazia, wote wanaitikia. Anamwita lile jina la utani alilopewa na baba yake, wote wanaficha nyuso na kucheka. Nyuma yake akina Somoe wamepanga foleni, wanamsukuma kwa ndoo, we mama vipi, hebu jisogeze, unadhani sisi hatuna watoto? Angekaa hapo mpaka amjue wake, hilo analijua, mama anakaa. Lakini amechoka, amechoka mpaka kwenye meno, na anamnyanyua aliye karibu.

Anafumbua macho. Feni inasitasita, jua bado liko dirishani, mlango umefungwa kwa komeo la ndani, na Hadia amelala kifuani pake, mzito, ana jasho. Astaghfirullah, anasema, ndoto za mchana hizi. Anamgeuza taratibu. Gauni la njano. Kovu la gotini. Ni yeye, lakini na wale wote walikuwa yeye. Mtoto anaamka, halii, anamkazia lile jicho zima kama anavyowakazia wageni. Vipi mwanangu? Mama. Abee. Walikuwa wengi. Kina nani? Mama. Wamebeba ndoo. Nikawatazama weee, wote wewe. Sasa ukafanyaje? Hadia anapiga mwayo, anarudisha kichwa begani. Nilichoka, anasema, nikaenda kwa wa karibu.

Somoe anamfunika kanga, na hamuulizi tena. Kesho kliniki watasema, mama wa mtoto huyu ni nani, naye ataitika upesi, kabla mtoto hajainua uso kumtazama.