Kamanda Hutoka Mwisho

Ilikuwa Alhamisi, saa mbili na robo asubuhi. Mawingu yalikuwa mepesi, upepo ulitoka kusini-magharibi, na Pasifiki ilisukuma mawimbi marefu ya kivivu. Chombo kilikuwa kimekwisha kutua majini. Parachuti zake zilielea kando kama nguo zilizoanguka kambani, na boti za mpira zilikuwa zinakikaribia.

Dakta Odessa Pruitt alisimama ukingoni mwa sitaha ya meli ya uokoaji, darubini machoni. Kazi yake ilikuwa kuamua ni nani kati ya wanaanga watatu apelekwe hospitali ya San Diego kwa helikopta yenye machela, na ni nani aendelee na ndege hadi Houston, safari isiyo na daktari wa moyo. Angemlaza mzima, angemharibia kazi. Angemwacha mgonjwa, angemuua.

Wala hakutegemea kuambiwa ukweli. Daktari ndiye awezaye kumzuia mwanaanga asiruke tena; kwa hiyo mbele yake kizunguzungu huitwa usingizi, na maumivu huitwa uchovu.

Mlango wa chombo ukafunguliwa. Wa kwanza kutoka alikuwa mhandisi, Tobias Renner, akitapika ndani ya mfuko. Wa pili alikuwa kamanda, Wendell Strand. Wa mwisho alikuwa rubani, Joanna Kealoha.

Pruitt alishusha darubini. Kamanda hutoka mwisho. Hakuna sheria isemayo hivyo, lakini katika miaka yote ya kupokea vyombo hakuwahi kuona desturi hiyo ikivunjwa. Aliwahi kumpokea kamanda mwenye mguu uliovunjika, naye alikaa ndani akisaga meno mpaka watu wake wote wakapita.

Mkuu wa wazamiaji, Bascom, alipopanda sitahani akitiririka maji, Pruitt alimvuta pembeni.

"Kwa nini Strand katoka wa pili?"

"Rubani ndiye aliyemsukuma atangulie, Dakta. Kaniambia mkanda wa kiti chake yeye umekwama."

"Ulikuwa umekwama?"

"Nimeingiza kichwa nikatazama. Ulikuwa wazi."

"Una hakika?"

"Dakta, kufungua mikanda ya watu ndiyo riziki yangu."

Katika chumba cha wagonjwa, vitanda vitatu vilipangwa sambamba. Kelele zilianza kabla Pruitt hajavaa glavu.

"Anza na huyu, Dakta," alisema Kealoha, akimwonyesha Renner kwa kidole. "Tangu parachuti zifunguke anatapika kama paka aliyeiba kamba wabovu."

"Nyamaza, dada. Nawe ulikuwa unasali kwa sauti."

"Nilikuwa naombea mfuko wako usipasuke!"

Strand alicheka pia, ila alichelewa kidogo, kama mtu anayefasiriwa mzaha. Pruitt alisogea kitandani pake.

"Kamanda, ulijisikiaje wakati wa kushuka?"

"Uzito wa kawaida tu wa kurudi duniani," alijibu Kealoha.

"Unaitwa Kamanda siku hizi?"

Strand akasema, "Kawaida, Dakta. Mifupa ya kizee, basi."

Kipimo cha moyo kilionyesha mapigo safi. Pruitt hakukipuuza, wala hakukiamini. Moyo unaweza kupiga kichaa kisha ukatulia, nacho kipimo hueleza habari za sasa, hakielezi za asubuhi. Akamgeukia Renner, na hapo akaona jambo la pili. Mtu mwenye kichefuchefu hutazama sakafu. Renner alikuwa anatazama kifua cha kamanda wake.

Juu ya sitaha, helikopta ilianza kuzungusha mapanga yake. Pruitt alivua glavu.

"Haya. Machela ni ya Renner. Kutapika kwa namna hii kunanitia wasiwasi na ubongo wake. Na niseme wazi: nikimpeleka kwa sababu hiyo, hatapanda chombo tena."

Hii ilikuwa safari ya kwanza ya Renner, na alikuwa ameisubiri tangu angali mtoto. Alimtazama kamanda, akamtazama rubani, kisha akafuta mdomo.

"Sawa, Dakta."

Alijilaza kwenye machela mwenyewe. Kealoha aligeukia ukuta. Pruitt akafunga mkanda wa miguu, polepole, na shaka ikamrudia yeye mwenyewe. Huenda mkanda wa rubani ulikwama kweli, ukajifungua. Huenda kijana anatapika tu kama wengi wanaoruka mara ya kwanza. Akakamata mkanda wa kifua.

"Mfungue," alisema Strand.

"Kamanda, tulikubaliana..."

"Tobi, nimesema basi." Strand alikaa kitako. Uso wake ulikuwa na rangi ya majivu. "Moyo ulinikimbia tulipoingia hewani, Dakta. Nikaona giza. Tulipogonga maji ukakimbia tena. Joanna ndiye aliyekishusha chombo."

"Na kabla ya leo?"

Strand alimtazama Kealoha. "Huko juu pia. Mara mbili."

"Mkanyamaza wote watatu?"

Kealoha aligeuka kutoka ukutani. "Ungefanyaje? Ungemvua mabawa, asiruke tena!"

"Ningemvua. Angebaki hai, akanichukia mpaka uzeeni."

Renner alifunguliwa, Strand akawekwa mahali pake. Walipofika mlangoni, Strand alimshika Pruitt mkono.

"Niambie kweli, Dakta. Ungempeleka yule kijana?"

"Nyie mmekuwa na siri yenu, Kamanda. Niachie na mimi yangu."

Strand alipakiwa kwenye helikopta. Moyo wake ulikimbia tena kabla ya kufika nchi kavu, na muuguzi aliyekuwa kando yake akaurudisha. Alipona, hakuruka tena. Kealoha aliomba simu ya meli akampigia mke wa Strand, kabla mtu mwingine hajamfikia. Renner alitapika kidogo zaidi, akaomba supu ya kuku, akaimaliza. Bascom alirudi majini kukusanya parachuti. Dakta Pruitt aliosha mikono, akaketi kwenye kitanda kitupu, na alipoulizwa na wakubwa jinsi alivyogundua ugonjwa, alijibu kwamba mgonjwa alisema mwenyewe.