Wimbo Juu ya Baraka

Shiru hakuketi. Alisimama katikati ya sebule ya mama yake, ghorofa ya nne pale Huruma, mkono mmoja kiunoni, wa pili ukiielekea kompyuta ya Caleb, mpiga video.

"Hiyo. Hiyo ndiyo tunataka. Imeisha."

Kwenye kioo, bibi harusi wasiyemjua alikuwa akigeuka polepole, shela yake ikielea kama moshi, na kamera ya droni ikipaa juu yake mpaka akabaki kitone cheupe kwenye nyasi. Dakika tatu nzima, wimbo mmoja, na hakuna mtu aliyesikika akisema neno.

Nabwire, aliyekuwa akiolewa na mdogo wa Shiru, alikaa kwenye kigoda karibu na mlango. Alikuwa amengojea nafasi ya kusema tangu vyombo vya chakula cha mchana vilipoondolewa, na ni yeye aliyeviondoa.

"Mimi ningependa ile ingine, dada," alisema. "Ile ya pole pole, ya watu wakiongea. Kila mtu asikike alivyosema."

Shiru akacheka kwa pua. "Ile ya mazishi?"

"Si ya mazishi. Ni ya kawaida."

"Caleb, umesikia? Anataka ya kawaida. Watu wako na droni, yeye anataka kamera iwekwe kwa kona kama ya supamaketi inayoshika wezi." Akamgeukia mdogo wake. "Irungu, wewe unaoa ama unaolewa? Sema kitu!"

Irungu alikuna kidevu. Alikuwa mtu mwema, lakini mbele ya dada yake alikuwa kama mandazi kwenye chai. "Nyinyi wawili mkubaliane tu," alisema.

Mama yao, Jecinta, alikuwa kwenye kiti chake chini ya kalenda ya kanisa, akifuma kitambaa cha meza.

"Ni kwa sababu ya nyanya yangu," Nabwire alisema. "Kukhu atatoka Bungoma kuja kunibariki. Ndiye alinilea tangu nikiwa wa kubebwa. Hajawahi kurekodiwa sauti hata siku moja. Simu hashiki, anasema inamchoma sikio. Na macho yamekwisha, miguu imevimba. Nikikosa maneno yake siku hiyo, sitayapata tena."

"Kukhu ataonekana. Nani amesema hataonekana? Sekunde tano, anatabasamu, tunapita."

"Mimi sitaki atabasamu. Nataka aongee."

"Kibukusu! Dakika ishirini!" Shiru akapiga makofi mara moja. "Nani atakaa chini kutazama hiyo? Wewe uliachia darasa la nane, sikulaumu, lakini wacha wenye wameona mambo wakuchagulie. Hii video itatazamwa na watu wetu wa Nyeri, watu wa kanisa, wafanyakazi wenzangu. Hatutaki ushamba."

Nabwire aliutazama mshono wa leso aliyojifunga. Kazi yake ilikuwa kushona nguo za shule kwenye kibanda kando ya barabara, na kitu kimoja alichojifunza pale ni kwamba nguo inayosifiwa sana leo ndiyo inayorudishwa mwaka ujao ikatwe mabega. Wateja walikuja na gauni za mikono ya puto walizozililia wakati wa kushonewa, sasa wakiona aibu hata kuzikunjua mezani. Sketi nyeusi ya kawaida haikurudishwa na mtu. Lakini alijua akisema hayo, Shiru atamwambia kwamba harusi si sare ya shule.

"Droni nayo," aliuliza badala yake, "miaka kumi ijayo itakuwa bado ni tamu?"

"Kitu kizuri hakizeeki. Yangu ni ya elfu mbili na kumi na tatu na tunaitazama kila Krismasi. Ama hukuwa hapa Krismasi? Ulikuwa!"

"Nilikuwa," Nabwire alisema. "Basi tuitazame."

Alisema taratibu, kama mtu anayeomba chumvi. Irungu akainua kichwa. Alimjua Nabwire wake. Alijua hiyo sauti.

"Tuitazame," Shiru alisema. "Ujifunze."

Flashi ilikuwa nyuma ya televisheni, mahali pake pa siku zote. Caleb aliichomeka, kisha akaketi kwenye mkono wa kochi kama mtu aliyeingia matanga ya wenyewe.

Video ikaanza na waridi jekundu likifunguka, na ndani ya waridi uso wa Shiru ukachomoza, mwembamba, wenye poda nyingi. Njiwa wawili wa kuchorwa wakapita. Jina lake na la mumewe yakaanguka kutoka juu yakimetameta, yakagongana, yakawa moyo. Kisha mabibi harusi wakatokea wakiwa wanne, wote ni Shiru, wakizunguka ndani ya nyota.

Caleb akakohoa. Irungu akauma mdomo, lakini mabega yakamsaliti.

"Unacheka nini, mjinga wewe? Hiyo ilikuwa ndiyo fomu wakati huo!"

"Sijacheka."

"Kila mtu Eastlands alikuwa anataka hizo nyota!"

"Ndiyo," Nabwire alisema. "Wote walizitaka."

Shiru akamkazia macho. Ilikuwa imemfikia, na alijua wote wameona ikimfikia. "Songesha mbele," alimwambia Caleb. "Hapa mwanzo si muhimu."

"Wacha iende," Nabwire alisema.

Ikaenda. Ikafika ua wa nyumbani kwao Nyeri, na mzee Gitonga, baba yao, amesimama na koti la kahawia na kofia mkononi. Shiru amepiga magoti mbele yake. Mzee akajitemea mate kidogo kifuani, kama wafanyavyo wazee wao wakibariki, kisha akainama na kuyatema mepesi viganjani mwa binti yake. Akaanza kusema. Alisema kwa muda mrefu, akitingisha kichwa, akionyesha mlimani kwa kofia, mara moja akanyamaza na kujipangusa jicho, akaendelea. Na juu ya yote hayo ulikuwa ukipigwa wimbo wa kinanda na wasichana wakiitikia, wa nguvu, mtamu kama soda iliyomwagikia meza.

Hapa ndipo Nabwire alipokuwa akingojea.

Krismasi iliyopita alikuwa jikoni akisuuza sufuria, mlango wazi. Aliwasikia watoto wa Shiru wakianguka chini kwa kicheko: "Guka anamtemea mami mate! Rudisha tena!" Wakarudisha mara tatu. Guka wao, mzee Gitonga, alikuwa amefariki miaka miwili baada ya harusi ile, na wajukuu wale hawakuwa na kitu kingine cha kumjulia. Kisha Nabwire akamwona Jecinta akichukua rimoti na kuongeza sauti. Ukapanda wimbo. Akaongeza tena, akasogeza sikio. Wimbo ukapanda tena. Mama akairudisha rimoti juu ya kitambaa, polepole, na hakuna aliyemwangalia isipokuwa yule wa jikoni.

"Baba alisema nini pale?" Nabwire aliuliza.

Shiru akageuka. "Alinibariki."

"Kwa maneno gani?"

"Ya baraka! Wewe ni polisi?"

"Nauliza tu, dada. Ameongea sana. Ameonyesha mlima. Amelia."

Shiru akatazama televisheni kama vile baba yake angemnong'onezea, lakini wasichana waliendelea kuitikia.

Jecinta aliweka sindano chini. "Kijana," alimwambia Caleb, "utoe huo wimbo. Nisikie mzee."

"Mama, hautoki."

"Si mnatoaga? Mko na mashine."

"Hii imeshaunganishwa, mama. Sauti yake ilitupwa wakati wa kuweka wimbo. Labda aliyepiga alibaki na zile kanda za kwanza."

"Alirekodi harusi za wengine juu yazo," Irungu alisema. "Nilimuuliza baada ya mazishi."

Mama yake akamtazama. "Ulimuuliza? Na hukuniambia?"

Irungu akainamisha kichwa. Jecinta akajifunika uso kwa kitambaa alichokuwa akifuma, uzi ukining'inia, na mwili ukamtikisika bila sauti.

"Umefurahi?" Shiru alimjia Nabwire hadi vidole vya miguu vikakaribia kugusana. "Umekaa na hii kitu tangu Krismasi, ukiinoa. Unakula kwetu, unaosha vyombo, kumbe unahesabu vidonda vyetu. Mchawi wewe!"

"Shiru!" Irungu alisema.

"Nyamaza!"

"Nilikaa nayo," Nabwire alisema. Hakushusha macho. "Ukihesabu na leo, nimekuambia mara nne kuhusu nyanya yangu. Mara nne ukacheka. Hii moja hujacheka."

Mkono wa Shiru ukapanda, ukasimama hewani, ukaokota mkoba kwenye kochi. "Basi kwa hiyo video mimi simo. Tafuteni dada mwingine." Mlango uligongwa mpaka kalenda ikainama.

Caleb akazima televisheni, mzee Gitonga akatoweka, kinywa kikiwa bado wazi.

Jecinta alipangusa uso. Alipozungumza hakumtazama mkaza mwanawe. "Kijana, andika vile anataka. Nyanya yake aongee hadi achoke."

"Asante, Mama," Nabwire alisema.

"Usinishukuru. Ungenijia pembeni, unishike mkono, uniambie. Umenifungulia mume wangu mbele ya mgeni kama mtu anayefungua samaki. Hilo nitakumbuka."

Nabwire alijua kwamba pole ingekuwa uongo. Akamgeukia Caleb.

Caleb akatoa daftari. Nabwire alimweleza: maiki ishikizwe kwenye leso ya Kukhu, karibu na shingo, maana huongea chini. Kamera isimsogelee sana, huogopa. Na wimbo usiwekwe juu ya neno la mtu yeyote, mwanzo hadi mwisho.

Caleb aliandika, akaangalia mlango, akapunguza sauti. "Na huyu dada akija siku hiyo akuanzishie maneno mbele ya kamera? Hapo nikate?"

Irungu alimtazama mchumba wake kwa macho ya kuomba. Jecinta naye akaacha kufuma.

"Usikate," Nabwire alisema.