Nyumba ya Beni Juu ya Kilima cha Butembo

Mwanangu Kambere alipoamua kujenga, hakunisikiliza. Alikuwa amemwoa Eliane, binti wa Beni, na Beni si Butembo. Kule chini kuna joto, mtu anavua koti kabla hajafika mlangoni. Baba yake Eliane, mzee Manassé, alikuwa na nyumba ambayo kila mfanyabiashara aliyepita barabara ile alisimama kuitazama: dari ya juu, baraza pana, na kwenye kila ukuta, chini ya paa, safu za matofali yenye matundu yaliyopangwa kama maua ili upepo upite. Wenyewe wanayaita klostra. Kambere akapenda nyumba na binti kwa mpigo mmoja, akamwahidi Eliane kwamba atamjengea ile ile. Kweli akamjengea ile ile, juu ya kilima cha Butembo, ambako ukungu unakaa mpaka watu watoke misa.

"Kambere," nilimwambia mafundi walipokuwa bado kwenye msingi, "upepo ya hapa hapana kuhitaji mulango. Inaingiaka yenyewe."

"Mama, nilishaahidi," akanijibu. "Na njo mode, mutindo ya sasa."

Basi, nikanyamaza, jambo ambalo hunigharimu. Nikabaki kwenye nyumba yangu nyuma ya uwanja, ile aliyoijenga marehemu mume wangu kabla ya uhuru: kuta nene za matope, mlango wa kuinamia, dirisha la kutolea mkono, na moto katikati. Kambere aliiita pango. Mimi yake niliiita kapu. Niliapa kwamba sitalala ndani ya kapu lile hata siku moja, na wanaonijua wanajua kwamba mimi siapi kwa mchezo.

Kisha vita vikatukaba. Mzee Manassé na mkewe walifunga nyumba yao wakaenda mazishini Oicha. Waliporudi, askari walikuwa wanapika sebuleni. Miaka ile ndivyo ilivyokuwa. Nyumba nzuri ikikosa mtu, inapata komanda. Mzee akaenda kukaa kwa jirani. Habari ilipomfikia Eliane hakulia mbele yangu. Alipanda juu ya kiti na kitambaa, akaanza kufuta vumbi kwenye klostra zake, tundu baada ya tundu, nami nikaelewa kwamba nyumba ya baba yake iliyobaki duniani ni hii yetu.

Mwaka wa 2001, Kambere aliteremka Kayna kununua maharage, na mapigano yakafunga barabara nyuma yake. Tulijua yu hai, lakini hakuweza kurudi. Katikati ya hofu hiyo Eliane akajifungua kabla ya wakati wake. Mtoto wa kike, tukamwita Masika, maana kwetu binti wa kwanza ni Masika, hakuna cha kujadili. Alikuwa mdogo mno. Nilipompokea nilidhani wamenipa nguo tupu.

Kwenye kituo cha afya vitanda vilikuwa vimejaa wakimbizi, na mafuta ya jenereta yalikuwa yamekwisha. Muuguzi alimfunga mtoto kifuani kwa mama yake, ngozi kwa ngozi, akatuambia, "Mumutunze fasi ya moto. Huyu akisikia baridi atachoka kunyonya, na akichoka kunyonya, ni mwisho." Akaturudisha nyumbani.

Nyumbani, lakini nyumba gani? Ulikuwa msimu wa mvua. Asubuhi ukungu uliingia kwa matundu ya upande mmoja ukatokea kwa mengine, bila haraka, kama mtu anayepita kwake. Mabati yalitoa jasho la baridi. Vigae vya sakafuni, fahari ya Kambere, vilitoa baridi iliyopenya soksi. Tulitundika mikeka na vitenge kwenye kuta, upepo ukavipepea. Tuliwasha babula, jiko letu la makaa. Joto lilipanda moja kwa moja darini, likatoka kwa yale maua. Kuziba matundu kwa udongo wakati ule ingekuwa kazi ya wazimu, kwa sababu udongo mbichi haukauki mvuani, na ukuta uliolowa ni baridi kuliko upepo wenyewe.

Masika alinyonya kidogo, akaacha. Nilishika nyayo zake, nikaogopa.

"Kuya ku nyumba yangu," nilimwambia Eliane. "Kule moto haizimikake."

"Mama, nikitoka hapa nani atabakia? Ule komanda wa ku barrière, pale basoda wanafungaka barabara, anapitaka kila siku, anaangalia baraza. Akiona nyumba iko bule, bila mutu, kesho anaingiza basoda yake. Kwa baba ilikuwa vile vile."

"Na mutoto?"

Machozi ya Eliane yalimdondokea Masika utosini, akayafuta haraka kwa kiganja yasije yakamtia baridi. Pale nilikasirika. Sikumkasirikia yeye, nilikasirikia vita, komanda, klostra, na mwanangu na ahadi zake. Mimi nikikasirika huwa nafikiri vizuri. Nilivuka uwanja, nikachukua mablanketi yangu na rozari, nikarudi nikasimama mlangoni mwa kapu.

"Unipishe. Miye njo nitaikala hapa. Weye beba mutoto, enda ku moto."

"Lakini mama, uliapaka!"

"Padri hakukuwako," nikamjibu. "Enda!"

Akaenda. Ndani ya ile nyumba ya matope, kuta zilikuwa zimekunywa moto wa miaka na miaka, na zilikuwa zinaurudisha taratibu, hata asubuhi majivu yanapobaki peke yake. Siku hazikuwa nyingi, vidole vya Masika vikapata rangi. Kisha akanyonya mpaka maziwa yakamtiririka shingoni. Kisha akaanza kulia kwa sauti, kelele hasa, nami upande wa pili wa uwanja nikawa nafurahi kama mtu anayesikiliza kwaya ya Pasaka.

Mimi hali yangu ilikuwa nyingine. Nililala na viatu. Nilikunywa chai nikiwa nimeishika kwa mikono miwili, ikapoa kabla sijaimaliza. Kikohozi kikanianza, cha juu kwanza, kisha kikashuka kifuani. Sikukitangaza.

Komanda alikuja asubuhi moja ya ukungu. Kijana wa Equateur, mkoa wa joto, mrefu, kola imefika masikioni. Alinikuta sebuleni nimejifunika mablanketi yote, juu yake mkeka.

"Mama, mwenye nyumba iko wapi?"

"Njo miye. Ingia, baba, ikala."

Aliingia, akazunguka chumba kwa chumba. Nilisikia buti zake kwenye vigae, nikawa nasali bila kusogeza midomo. Aliporudi alikaa kwenye kiti cha Kambere, akanyoosha miguu, akajaribu kustarehe. Upepo ukamshukia kisogoni. Akahamia kiti kingine. Ukamfuata. Akainua macho, akaona matundu, akayafuata kwa kidole kuta zote nne.

"Malili makasi!" akasema kwa Kilingala chao, akisugua mikono. Kisha kwa Kiswahili: "Baridi hii, mama, weye unalalaka humu namna gani?"

"Nalalaka vile tu, baba. Nimezoea kuteseka."

Alinitazama kwa huruma ya kweli, sitamsingizia. Akainuka. Baadaye tulisikia kwamba amechukua nyumba nyingine chini ya kilima, yenye madirisha madogo. Nilipomsimulia Eliane alicheka hadi Masika akaamka, na tulikubaliana kwamba matundu yale ndiyo askari wetu. Bila baridi ile, nyumba ingekuwa imekwenda.

Mvua ikapungua, jua likaanza kutoka. Kikohozi changu hakikupungua. Jumapili moja nilikwenda misa, nikashindwa kuimba hata wimbo ninaoupenda. Nilitoka kabla ya matangazo nikipanda kilima kwa kusimama-simama. Nilipofika uwanjani nilimkuta Eliane juu ya ngazi, Masika amefungwa kifuani, mikono yote udongo mpaka viwikoni. Alikuwa anaziba klostra. Alikandamiza donge, akalilainisha kwa kiganja, akazamisha ua moja zima, akasogea kwenye lingine.

"Eliane! Uko nafanya nini? Shuka!"

"Naziba, mama."

"Ulikosa akili? Matundu hii njo inachunga nyumba! Ule komanda akisikia humu kuko moto, atarudia!"

"Arudie." Hakugeuka. "Nakusikiaka ukikohoa, mama. Ukuta wa kwako njo mukubwa, lakini sauti inapita."

"Hii ni nyumba ya baba yako."

Mkono wake ukasimama kidogo. Kisha akachota udongo mwingine.

"Wakitaka, wakamate. Kambere atajenga ingine. Mama mwenye kunilalia mu baridi, yeye Kambere atamujenga na nini?"

Hapo ndipo nilipoona ameanzia wapi. Sebule ilikuwa bado na maua yake yote, na baraza vilevile. Alikuwa ameanza na chumba ninacholala mimi.

Nilikaa kwenye kizingiti nikalia, mimi Kavugho, ambaye sikulia hata barabara ya Kayna ilipofungwa. Nilimpenda mtoto yule wa watu kuliko nilivyowahi kumwambia, na bado sikujua nimwambieje. "Wasingya," nikasema, ndiyo asante yetu Wanande, na sauti ikatoka imekwaruza.

Kisha nikajifuta uso, nikachovya mkono kwenye ndoo yake. Maji yalikuwa mengi, majani makavu hakuna. Watu wa Beni hawajui udongo.

"Hii haitashika," nikamwambia. "Shuka uniletee majani, na umuondoshe mutoto ku upepo."

Akashuka. Nami nikakunja mikono ya gauni la misa.