Tawi la Shakuru

Sijaona alikuwa amechoka, wala si uchovu ule wa kulala ukaamka umekwisha. Alichoka kufagia kuyu zilizooza, alichoka na nzi, alichoka kukaa macho kila mvua ikipiga, akisikiliza kama mkuyu ule mkubwa wa uani utawaangukia. Juzijuzi tawi la juu lilikatika likatoboa bati la jiko. Basi binti yake, Sumaya, akapata la kusema.

"Mama, tutoshe muti wote, tupumue."

Kutosha, kwa watu wa Bujumbura, ni kuondoa. Sijaona aliletwa mtaa huu wa Jabe akiwa bibi harusi kutoka Ujiji, na kwao kitu kikitosha ndiyo basi, hakuna zaidi. Marehemu mumewe, Shakuru, alimcheka kwa neno hilo mpaka anaingia kaburini. Lugha ya hapa aliizoea siku nyingi. Ila moyo ukimruka, Kiswahili cha mama yake ndicho kilichomtoka.

"Mtakata ya juu," alisema. "Tawi la baba yako liachwe."

Sumaya hakubisha. Tawi lenyewe lilikuwa la chini, nene. Shakuru alikuwa fundi magari, na hapo ndipo alipofunga mnyororo wa kuinulia injini. Miaka ikaenda, mti ukaumeza mnyororo, gome likafunga juu yake, ikabaki pete moja tu inaning'inia. Alipokufa, zana zake ziligawanywa kwa mafundi wenzake. Chake kilichobaki pale nyumbani kilikuwa pete ile. Sijaona aliigusa kila akienda kutia udhu, na hakuwahi kumwambia mtu.

Mkata miti alikuwa Namegabe, Mkongomani wa Bukavu, mtu mpole, aliyejaza pamba masikioni kwa ajili ya kelele za mashine yake. Alipanda, matawi ya juu yakaanza kushuka kwa kamba, moja moja, na uani kukaingia mwanga ambao Sijaona hakuupenda. Kisha akateremka mpaka kwenye panda ya mti, akaanza kusafisha vijiti vilivyoota juu ya tawi la Shakuru. Mashine ikainama, ikagusa gome.

"Yatosha!" Sijaona akapiga ukelele, kidole kikilielekea tawi. "We baba, yatosha! Yatosha!"

Namegabe akamtazama, akakitazama kidole, akaitikia kwa kichwa. Akalikata.

Lo! Liliporomoka kwa kishindo, pete ikalia mara moja juu ya sementi. Sijaona akakaa chini palepale kwenye majani mabichi, kanga ikimteleza kichwani.

Namegabe akazima mashine, akashuka mbio. "Mama, nimekosa nini? Si ulisema tosha?"

Sumaya akatoka jikoni amewaka. "Mama ni wa Ujiji, we! Kwake yatosha ni basi, wacha! Umekata kitu cha papa!"

"Yesu wangu," Namegabe akashika kichwa. "Mama, unisamehe. Kwetu pia tosha ni kutosha tu, ni kuondoa."

Sijaona alitamani kumkasirikia. Hasira ilikuja, ikakuta hana nguvu ya kuibeba. Mtu kafanya alichosikia, amlaumu nini? Akautazama mti: shina tupu, na kovu jeupe pale palipokuwa na tawi. Sasa aubakize wa nini? Wa kufagia?

Sumaya alikwenda kumtafutia maji. Namegabe akasogea na mashine yake, akauliza kwa woga: "Mama, na hii shina, nifanye namna gani?"

Safari hii Sijaona alilichagua neno makusudi, neno la hapa, la Namegabe mwenyewe, ili wasikosane tena. "Tosha," akasema. "Tosha, baba."

Uso wa Namegabe ukakunjuka. Akaitua mashine chini, akaanza kukunja kamba. "Sasa nimeelewa, mama. Tosha ni basi. Apana kugusa tena."

Sijaona akajitanda upya kanga yake. Kueleza nako kulimchosha.

Sumaya akarudi na maji, akaliona shina limesimama na kamba zimekunjwa. "Mama, ni we ulimwambia aliache?"

Machozi yakamtoka Sijaona, na kicheko pia, maana alimsikia Shakuru akimcheka kama zamani.

"Ndiyo," akasema. "Nimemwambia."